Mazuku si upepo, wala si pepo

Wataalamu wa volkano wanaokuja Goma, mashariki mwa Kongo, kupima gesi huandika kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, lakini kuna neno moja la Kiswahili ambalo wameliacha jinsi walivyolikuta: mazuku, jina la gesi inayotoka ardhini, ikajikusanya mashimoni na kuua. Limechapishwa katika majarida ya jiolojia na kuwekwa kwenye ramani. Mwanafunzi wa Ulaya anayesoma habari za milima ya Virunga atakutana nalo hata kabla hajajua kusalimia kwa Kiswahili. Ni heshima kwa wakulima na wachungaji wa upande wa Mugunga, Bulengo na Sake, magharibi mwa mji, waliokuwa wakilitumia kabla ya sayansi kufika, na mimi ninajivunia.

Kinachonisumbua ni maelezo yanayoliandama. Karibu kila anayeliandika huongeza kwamba mazuku maana yake ni "upepo mbaya". Maelezo hayo yameturudia wenyewe kupitia semina, redio na simu, hadi vijana wa mjini wanayakariri bila kuyafikiri. Naona yana kosa, tena kosa la hatari, kwa sababu mazuku inaua hasa pale ambapo upepo haupo.

Goma imekaa katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inatanuka na kupasuka. Kusini kuna Ziwa Kivu, kaskazini kuna volkano mbili zilizo hai, Nyiragongo na Nyamulagira. Moto ulio chini hutoa gesi muda wote, hata siku ambazo mlima umetulia na watu wameusahau. Mojawapo ya gesi hizo ni kaboni dayoksaidi, ile ile tunayoitoa puani, ile ile inayotia mapovu katika bia na soda. Inapanda kupitia nyufa na matabaka ya lave ya zamani (mawe ya volkano yaliyoyeyuka yakaganda), inatokeza juu ya ardhi bila rangi wala moshi. Na kwa kuwa uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida, haipandi juu. Inateremka kama maji yanavyoteremka, inatafuta shimo na kujaa humo.

Katika hewa safi gesi hiyo ni asilimia 0.04 tu. Ikipita asilimia 10 katika hewa unayovuta, fahamu zinaweza kukutoka ndani ya dakika chache. Tena ukianguka, umeanguka kule kule chini ambako imejaa zaidi. Anayekimbia kukuokoa naye anainama, anavuta pumzi kubwa kwa sababu ya mbio na hofu, naye anaanguka juu yako. Mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Mbuzi na mbwa vivyo hivyo, na pia mtu aliyelala kwenye mkeka sakafuni, wakati mwenzake aliye juu ya kitanda katika chumba hicho hicho anaweza kuamka na maumivu ya kichwa tu.

Sasa angalia upepo unafanya nini hapo. Mchana, jua likipasha mawe na upepo wa ziwa ukivuma, gesi inachanganyika na hewa na kutawanyika, na shimo lile lile linaweza kupitwa bila madhara. Usiku hewa inapoa na kutulia, gesi inajikusanya. Asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza, ndio wakati mbaya kuliko wote. Upepo, kwa hiyo, ndio unaotusaidia. Mtu aliyefundishwa kwamba mazuku ni upepo atangoja kuusikia ukivuma. Atafunga dirisha siku ya upepo na kuona kuna usalama majani ya mgomba yanapotulia. Kila anachokifanya kitakuwa kinyume cha kile kinachotakiwa.

Kwa nini basi maelezo hayo yalishika? Nafikiri lugha yetu yenyewe inayarahisishia njia. Katika Kiswahili, hewa inayotembea na roho isiyoonekana zinakaa jirani mno. Upepo ni hewa, wingi wake ni pepo. Na pepo huyo huyo akimpanda mtu kichwani, watu wanaita mganga au wanampeleka chumba cha maombi. Msomaji wa pwani akiliona neno mazuku atakumbuka pia mzuka, kile kinachojitokeza ghafla na kutoweka. Neno lililozungukwa na majirani wa namna hiyo huvutwa kwao kwa urahisi, hasa likitafsiriwa na mtu ambaye hajapita kwenye mashimo yenyewe.

Lakini wasikilize watu wa hapa wanavyolitumia. Wenye kuyajua mashimo hayo hawasemi mazuku inavuma. Wanasema iko. "Pale iko mazuku, mutoto asifike." "Kile kishimo ni mazuku, musipitishe mbuzi." Neno linataja gesi, na linataja mahali, vyote viwili kwa pumzi moja. Mwanasarufi wa Dar es Salaam angetaka tuseme mazuku yapo, nami sina ugomvi naye. Nimeandika mazuku iko kwa sababu hivyo ndivyo linavyosemwa Keshero na Mugunga, na anayelihitaji usiku wa manane atalisikia hivyo. Kilicho muhimu ni hicho kitenzi cha kukaa. Wanajiolojia nao wamelichukua kwa maana hiyo hiyo: wanaihesabu mazuku mojamoja, kila moja na kishimo chake, na kuitia alama kwenye ramani. Kwa hiyo hata wao, kazi yao inapinga ile tafsiri yao.

Hapo ndipo ninapoona thamani kubwa ya neno hili. Lugha zetu zina maneno mengi ya yasiyoonekana. Kiswahili kilipokea ghaibu kutoka Kiarabu, neno la yale ambayo Mungu peke yake anayajua. Makanisa yetu yanafundisha imani katika yasiyoonekana kila Jumapili, nami ni mmoja wa wanaokaa kwenye viti hivyo. Mazuku haimo katika kundi hilo. Haionekani, hainuki, lakini ina anwani. Ina saa zake. Inapimika kwa chombo, na kabla ya chombo ilipimwa kwa macho ya watu walioona mahali ambapo ndege na mijusi wanakufa bila jeraha, wakawakataza watoto wao kwenda huko. Ni maarifa yaliyopatikana kwa gharama ya maisha ya watu na mifugo, yakafungwa katika neno moja ili yasipotee.

Tukilisukuma neno hilo kwenye upande wa mapepo, watakaoumia kwanza ni watu wasio na hatia. Katika Kivu, mtu akikutwa amekufa bila jeraha na bila ugonjwa uliojulikana, maswali hayachelewi. Nani alimpa chakula jana? Nani aligombana naye kuhusu mpaka wa parsele, yaani kiwanja? Sumu inatajwa, ulozi unatajwa, na macho yanamgeukia mama mzee anayeishi peke yake, au mke mwenza, au mtoto aliyefika juzi kutoka kijijini. Hili silisemi kwa kukisia. Kivu ya Kusini imewahi kushuhudia wanawake wakiuawa na umati kwa tuhuma za uchawi, na Goma yenyewe inajua vizuri jinsi kundi la vijana wenye hasira linavyokusanyika haraka kuliko polisi.

Katika msiba wa namna hiyo, mzee mmoja wa avenyu (mtaa) anayesema "hii ni mazuku, angalieni alipolala" anafanya kazi kubwa. Anaelekeza macho ya watu kwenye ardhi, yaache uso wa jirani. Anawapa jambo la kukagua: sakafu iko chini ya usawa wa barabara au la, kuna ufa nyuma ya choo au hakuna, kuku walilala wapi na wameamkaje. Ikiwa neno lile lile limekwisha kugeuzwa kuwa jina la roho mchafu, mzee huyo hana tena la kusema, maana umati utamjibu: sawa, ni mazuku, na nani aliyeituma? Nimeyasikia mazungumzo yakielekea huko, watu wakizungumza juu ya mazuku "ya kutumwa". Wachungaji wa makanisa yetu, ambao sauti zao zinafika mbali kuliko za wataalamu, wangefanya jambo jema kulikataa hilo hadharani, mbele ya waumini, kwa kulitaja neno lenyewe.

Kuna upotoshaji wa pili, na huu unatoka kwa waliosoma. Siku hizi kila gesi ya Goma inaitwa mazuku. Moshi wa Nyiragongo, mazuku. Gesi iliyo ndani ya ziwa, mazuku. Hata mtu aliyekufa kwa babula, jiko la makala (makaa ya kupikia), aliyoiacha ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, utasikia mazuku imemkamata.

Hili la babula halihitaji maneno mengi. Makala yasiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, gesi nyingine kabisa, isiyokaa chini kama hii yetu, na dawa yake ni kuitoa babula nje na kufungua mlango. Familia ikiamini kilichomuua baba ni mazuku, itahama nyumba na kwenda na ile babula.

La ziwa ni zito zaidi. Ziwa Kivu lina kina kinachokaribia mita 480, na katika maji yake ya chini kumeyeyuka gesi nyingi mno: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Uzito wa maji ya juu ndio unaozishikilia kule chini. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, methani hiyo inavutwa na kuendesha mtambo wa umeme wa megawati 26. Hofu ya wanasayansi ni kwamba tukio kubwa, mathalani lave kuingia kwa wingi hadi kwenye maji ya chini kabisa, linaweza kuvuruga utulivu huo na gesi ikatoka kwa pamoja. Jambo la aina hiyo liliwahi kutokea Kameruni. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos lilitoa wingu la kaboni dayoksaidi usiku, likateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Waliokuwa wakiishi juu ya vilima walipona.

Ni gesi moja, ndiyo. Lakini ya ziwa ni tukio: likitokea, litatokea kwa eneo zima, na kujihadhari nalo ni kazi ya Kituo cha Volkano cha Goma na ya serikali mbili, ya Kongo na ya Rwanda. Mazuku ni hali: iko leo, ilikuwepo jana, itakuwepo kesho alfajiri, na kujihadhari nayo ni kazi ya mwenye nyumba na ya majirani zake. Ukiziita kwa jina moja, mtu atasema moyoni kwamba kwa kuwa ziwa halijalipuka, mazuku bado haijafika. Na huku iko mita kumi kutoka kitanda chake.

Tuliyaona matokeo ya mchanganyiko huo mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei, lave ikafika hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa kwa sababu mbalimbali, baadhi yao kwa gesi walipojaribu kuvuka lave iliyokuwa bado inafuka. Matetemeko yakaendelea, na tarehe 27 Mei alfajiri serikali ya kijeshi ya jimbo ikaagiza watu wa kartie (vitongoji vya mji) kumi waondoke mara moja, ikisema mlipuko mwingine, wa nchi kavu au wa chini ya ziwa, bado unaweza kutokea. Mamia ya maelfu ya watu walibeba magodoro na watoto. Wengine walivuka kwenda Gisenyi, Rwanda, wengine walipanda boti kwenda Bukavu, na umati mkubwa ulishika barabara ya Sake.

Barabara ya Sake inapita Mugunga. Inakata ukanda ule ule wa kaskazini mwa ziwa ambao ndio makao ya mazuku. Watu waliokuwa wakikimbia gesi ambayo ingeweza kutoka ziwani walikuwa wakienda, usiku kucha, kulala chini pembeni mwa barabara, katika nchi yenye gesi inayotoka ardhini kila siku. Agizo la kuondoka silipingi. Mlima ulikuwa hautabiriki, na kukaa mjini kulikuwa na hatari yake. Ninachosema ni kwamba onyo moja lilihitaji kuandamana na lingine: mkilala njiani, laleni mahali palipoinuka, msishuke kwenye mashimo kutafuta kinga ya baridi. Sentensi moja ya Kiswahili ingetosha. Lakini mazuku ilikuwa imekwisha kuwa jina la ile hofu kubwa ya ziwa, kwa hiyo hapakuwa na neno lililobaki kwa ajili ya hatari ndogo iliyokuwa miguuni.

Ukanda huo huo ndio uliopokea wakimbizi wa ndani wa vita vya miaka ya karibuni. Tangu 2022 hadi mwanzoni mwa 2025, Bulengo, Lushagala na pembeni mwa Lac Vert palijaa vibanda vya turubai, familia kwa familia, juu ya mawe ya lave. Waliokuja kutoka Masisi na Rutshuru walikuwa wameacha mashamba ya vilima. Wengi wao hawakuwa wamekulia kwenye mazuku. Mtu wa Masisi anajua baridi, anajua radi, anajua risasi inatoka upande gani. Kwamba kishimo kikavu, kizuri, kisichopigwa na upepo ndicho kibaya kuliko vyote kwa kujenga kibanda, hilo lazima aambiwe na mwenyeji, na aambiwe kwa neno ambalo bado lina maana yake.

Nasikia hoja kwamba tuliache neno la mitaani na kutumia la kitaalamu. Shuleni hapa watoto wanafundishwa kwa Kifaransa, na katika Kiswahili cha Tanzania kuna hewa ya ukaa, neno zuri kwa mijadala ya misitu na tabianchi. Sina tatizo nalo. Mtoto wa Ndosho ajue kwamba mazuku ni kaboni dayoksaidi, na ajue inatoka wapi. Ujuzi huo utamwondolea hofu ya pepo kuliko mahubiri mengi. Lakini jina la gesi halimwambii pa kukanyaga. Kaboni dayoksaidi iko kila mahali, hata katika pumzi yake. Mazuku iko pale, nyuma ya ukuta wa jirani, kwenye lile bonde dogo lenye majani mabichi. Onyo lisilotaja mahali wala saa halimsaidii mtu anayetafuta pa kulala.

Kuna pia wanaofundisha kwamba ukishuka na taa au mshumaa, moto ukizimika basi hapo ni mazuku. Moto kweli huzimika gesi ikizidi. Ila usichukuliwe kuwa kipimo cha usalama: mshumaa unaweza kuwa unawaka bado na aliyeushika yuko tayari hatarini. Aliyeteremka kupima ameshateremka.

Sehemu ninayotamani neno hili liingie, na liandikwe kwa herufi kubwa, ni kwenye karatasi za kuuza ardhi. Mji unapanuka kwa kasi kuelekea magharibi, na parsele za bondeni ni za bei rahisi. Komisionere, yaani dalali, anawaleta wanunuzi saa sita mchana, jua kali, upepo unavuma kutoka ziwani, kila kitu ni shwari. Mnunuzi anaona shimo, komisionere anamwambia litajazwa kwa mawe ya chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) chache. Litajazwa kweli. Lakini mawe ya lave yana matundu, na udongo unaowekwa juu yake haufungi ufa ulio chini. Gesi itapita katikati yake, na sasa itakuwa na chumba chenye kuta nne cha kujikusanya.

Chefu (kiongozi) wa avenyu anazijua parsele hizo. Majirani wanazijua. Wachunga mbuzi wanazijua kuliko wote. Kituo cha Volkano kina watu wanaoweza kuja na vyombo vya kupimia, na ramani za maeneo yaliyokwisha kutambuliwa zipo. Wakati karatasi ya mauzo inaandikwa, panapotajwa mipaka na majina ya mashahidi, nafasi ya mstari mmoja haikosekani: "Parsele hii iko na mazuku upande wa kusini," au "Parsele hii haina mazuku inayojulikana na majirani." Chefu atie sahihi chini ya mstari huo kama anavyotia chini ya mipaka. Muuzaji atakayelalamika kwamba neno hilo linashusha bei, aulizwe kama yeye mwenyewe angemlaza mtoto wake pale sakafuni hadi saa kumi na mbili asubuhi.